Likizo ya korosho: Familia ya Naliendele ichague kisiwa kipi?

BIBI Ummu Haram bint Milhan (R.A.) alikuwa mwanamke wa Madina, mji usiopakana na bahari. Siku moja Mtume (S.A.W.) alipumzika mchana nyumbani kwake, akapitiwa na usingizi, kisha akaamka huku akitabasamu. Alipoulizwa sababu, alieleza kuwa ameonyeshwa watu wa umma wake wakisafiri juu ya bahari, wametulia mithili ya wafalme juu ya viti vyao vya enzi. Bibi yule hakuuliza habari ya mawimbi. Aliomba aombewe dua naye awe miongoni mwao, na akapewa bishara hiyo.

Miaka ikapita. Katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman (R.A.), Bibi Ummu Haram alipanda chombo pamoja na mumewe, Ubada bin Samit (R.A.), katika msafara wa kwanza wa Waislamu baharini, ulioelekea kisiwa cha Kupro katika bahari ya Mediterania. Safari hiyo ndiyo ilikuwa mwisho wake, kwani alianguka kutoka juu ya mnyama aliyempanda, akafariki. Hadi leo, karibu na mji wa Larnaca katika kisiwa hicho, upo msikiti kando ya ziwa la chumvi, na mapokezi yanasema kaburi lake liko hapo.

Ndugu msomaji, safari ya bibi yule ilikuwa ya jambo kubwa, na si adabu kuilinganisha na matembezi ya likizo. Hata hivyo ina funzo kwa yeyote anayetaka kuvuka maji: alijua anakwenda kwa nia gani, alikwenda na nani, na alikwenda wakati ulipofika. Maswali hayo matatu ndiyo yanayozikabili familia zetu kila msimu wa korosho unapokwisha na shule zinapofungwa mwezi Disemba.

Leo visiwa vya Mediterania, kama vile Kupro, Malta na Djerba, hujaa watalii wa Ulaya kila kiangazi. Kwa mkulima wa Naliendele, nauli ya ndege na viza ya kwenda huko ni habari ya nyumba nyingine. Lakini Mola hakutunyima. Kuanzia mdomo wa mto Ruvuma hadi Pemba ameutandaza mlolongo wa visiwa ambavyo watu hutoka mbali kuja kuviona, ilhali watoto wetu wengi wanavijua kwa jina tu, au hawavijui kabisa.

Nyumba moja, matakwa matano

Tuichukue nyumba moja ya Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini, jirani na kituo cha utafiti wa kilimo ambacho jina lake limeshikamana na zao la korosho. Baba ana mikorosho aliyorithi. Mama anafuga kuku, na msimu ukifika huuza ming'oko. Kuna watoto wanne. Mkubwa ni binti aliyemaliza kidato cha nne, na wa mwisho yuko darasa la pili. Kuna na bibi yao, mwenye magoti yasiyopenda ngazi. Korosho zimepelekwa chama cha msingi, zimeingia ghalani, mnada umepita na fedha zimeingia benki. Baba anakaa barazani baada ya sala ya Isha na kutamka neno ambalo halijapata kusikika katika nyumba ile: mwaka huu twende matembezi, tukaone kisiwa.

Binti anataka Unguja, kwa kuwa wenzake wote wanaitaja. Mvulana wa pili amesikia habari za samaki mkubwa wa Mafia. Mdogo anataka mahali popote penye maji. Bibi anataka ng'ambo ya Ruvuma, ambako dada yake aliolewa zamani. Mama hajasema kitu.

Mwenyezi Mungu, katika Suratu Shura aya ya 38, amewasifu waumini ambao mambo yao huendeshwa kwa kushauriana. Wengi wetu tunaikumbuka aya hiyo katika mambo ya msikiti na ya dola, tukaisahau sebuleni. Ushauri wa kweli ni kumsikiliza hata yule aliyenyamaza. Aghalabu mama ananyamaza kwa sababu anajua kwamba popote watakapokwenda, sufuria zitakwenda naye. Likizo ambayo mama anapika mara tatu kwa siku, tena juu ya mafiga asiyoyazoea, kwake ni uhamisho wa jiko tu. Kabla ya kuulizana ni kisiwa gani, na tuulizane ni nani atakayepumzika.

Hesabu kabla ya nanga

Fedha ya korosho ina wenyewe wengi kabla ya bahari. Wa kwanza ni wenye madeni: duka lililokopesha unga na sukari tangu masika, vibarua waliookota korosho, na aliyekopesha salfa ya kupuliza mikorosho. Deni lililofika wakati wake halingojei mtu arudi matembezini. Baada ya deni huja zaka kwa yule iliyemfika, na kisha Januari, mwezi usio na huruma, wenye sare, madaftari na michango ya shule. Halafu ije akiba ya salfa ya msimu ujao, maana mkorosho usiopulizwa katikati ya mwaka hauna cha kumpa mtu mwisho wa mwaka.

Kitakachosalia baada ya hapo ndicho cha safari, kiwe kingi au kidogo. Hapa ndipo penye hatari ambayo watu wa Mtwara na Lindi wanaijua vizuri. Yupo ambaye, kwa kuwa ameshawaahidi watoto na anaona haya kurudi nyuma, humwendea mnunuzi wa kangomba na kumuuzia korosho zikiwa bado maua juu ya mti, kwa bei ya kutupa. Siku tatu za pwani hulipwa kwa msimu mzima wa njaa. Matembezi ya namna hiyo ni israfu hata kama kila mlo uliliwa kwa bismillahi. Mtoto aliyeambiwa ukweli kwamba mwaka huu tutakwenda karibu, na mwakani Mungu akijaalia tutakwenda mbali, hapungukiwi na kitu. Huyo amepata somo la maisha kabla hajapanda chombo.

Baada ya hesabu, sasa tuvitazame visiwa kimoja baada ya kingine.

Karibu na nyumbani

Wenye fungu dogo wasijione wanyonge. Mwaka 2000 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya mto Ruvuma, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 650 za bahari, mikoko, fukwe na vijiji. Ndani yake imo Msimbati, yenye mchanga mrefu mweupe, na Ruvula kwenye ncha ya rasi. Vimo pia visiwa vidogo kama Namponda na Mongo, ambavyo wavuvi huvijua kama wanavyojua viganja vyao. Huko kuna matumbawe na kasa wanaotaga mchangani. Asubuhi maji yakijaa, ghuba hutulia kama maziwa katika bakuli.

Familia inaweza kutoka Naliendele alfajiri na kurudi kabla ya Magharibi. Chakula hupikwa usiku wa kuamkia safari na kubebwa, na mama akifika huko anakaa kivulini kama wengine. Ada za hifadhi zipo, na Mtanzania hutozwa pungufu kuliko mgeni wa nje. Ni vyema kuziulizia kabla ya kuondoka ili mtu asifedheheke getini mbele ya wanawe.

Na kwa wale ambao watoto wao hawajapata kupanda chombo, kuna jaribio rahisi zaidi. Kivuko cha kwenda Msangamkuu kinavuka ghuba ya Mtwara kwa muda mfupi na kwa nauli ndogo. Mpandishe mdogo wako hapo kwanza. Akitapika, akilia, au akitaka kuruka kutazama samaki, utakuwa umejua mapema ni safari ya namna gani mnayoweza kuibeba.

Kilwa, kisiwa kilichowahi kuwa dunia

Wenye fungu la wastani wana Kilwa, na hapa naomba msomaji anivumilie nikae kidogo, kwa sababu sioni kisiwa chenye mengi zaidi ya kumpa mtoto wa kusini.

Kutoka Mtwara hadi Kilwa Masoko ni safari ya siku moja kwa barabara, chini ya kilomita 300. Mabasi ya Dar es Salaam hupita Lindi na kufika njia panda ya Nangurukuru, na hapo abiria hushuka na kuchukua gari dogo hadi Masoko. Ulizeni hali ya barabara kabla ya kukata tiketi, hasa wakati wa mvua: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko, barabara hiyo ilikatika na abiria wakakwama njiani. Pale Masoko hutafutwa kibali katika ofisi inayosimamia magofu, kisha mashua huvusha watu hadi Kilwa Kisiwani, mwendo usiofika saa moja upepo ukiwa mwema.

Mwaka 1331 msafiri wa Tangier, Ibn Battuta, alitia nanga hapo. Aliandika kwamba ni katika miji mizuri, na kwamba wenyeji wake walikuwa watu wa dini na wema, wafuasi wa Imamu Shafii. Aliyetawala wakati huo ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta anasimulia kisa cha Ijumaa moja. Sultani alipokuwa akitoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha na kumwomba nguo alizozivaa. Sultani alirudi katika chumba cha khatibu, akabadili nguo, akampa zile alizokuwa nazo, na baadaye akamwongezea fakiri yule watumwa na pembe za ndovu.

Msikiti ambao huenda kisa hicho kilitokea mlangoni pake bado umesimama. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo ya kale zaidi, na ya kusini, yenye kuba na nguzo nyingi, iliongezwa karne ya 14. Mashariki yake, juu ya mwamba unaotazama bahari, pako Husuni Kubwa, jumba la Sultani huyo, lenye vyumba zaidi ya 100 na hodhi la pembe nane. Yote yalijengwa kwa matumbawe na chokaa, vitu vile vile ambavyo bibi zetu waliviona katika nyumba za zamani za Mikindani.

Utajiri ule ulitokana na dhahabu iliyopanda kutoka Sofala, kusini ya mbali, ikapita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba. Mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini ya Australia, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na hakuna aliyethibitisha zilifikaje huko. Mtoto anayedhani kwamba kusini ni mwisho wa nchi, na aambiwe habari hiyo akiwa amesimama pale pale.

Lakini mzazi mkweli hasimulii nusu. Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji huo na kujenga ngome. Karne ya 18 mji ulipoinuka tena, mwaka 1776 sultani wake aliwekeana mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Katika kisa cha nguo za Ibn Battuta pia watumwa wametajwa kama mali ya kutoa zawadi. Mababu wa wengi wetu walitoka bara la Ruvuma, na baadhi yao walipita katika bandari hizi wakiwa wamefungwa. Anayezuru magofu apate fahari yake na apate na masikitiko yake. Vyote viwili ni vyake.

Shirika la UNESCO liliyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004, kwa kuwa kuta zilikuwa zikibomoka na bahari ikila ufuko, yakawekwa miongoni mwa yaliyo hatarini, na mwaka 2014 yakatolewa humo baada ya matengenezo. Songo Mnara iko kusini zaidi, na kufika huko kunataka chombo chenye mashine na kuvizia maji, kwani bamvua na kupwa ndivyo vinavyoamua mtu atashukia wapi na atatembea umbali gani kwenye matope ya mikoko. Bibi mwenye magoti mabovu abaki Kisiwani, ambako wenyeji watamkalisha ukumbini na kumpa habari ambazo hazimo vitabuni.

Mafia, Unguja na Pemba

Mafia inawafaa wenye fungu kubwa kidogo na subira kubwa zaidi. Mtu wa Mtwara hupanda basi la Dar es Salaam, huvuka Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, kisha huacha barabara kuu na kuelekea bandari ya Nyamisati, wilayani Kibiti, ambako vyombo huondoka kwenda Kilindoni. Hapo lazima mtu aulize siku na saa, maana maji na hali ya hewa ndivyo vyenye ratiba. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilitangazwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini. Kati ya Oktoba na Machi papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, asiyedhuru mtu, huja karibu na Kilindoni kufuata chakula. Mvulana wetu wa Naliendele hakukosea kumtamani. Katika kisiwa cha Juani kuna magofu ya mji wa Kua, wenye misikiti ya kale iliyokumbatiwa na mizizi ya miti.

Unguja ina kila kitu, na hilo ndilo zuri lake na ndilo tatizo lake. Ni safari ya takriban kilomita 560 hadi Dar es Salaam, kisha boti ya kama saa mbili. Mji Mkongwe umo katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Kusini, katika kijiji cha Kizimkazi Dimbani, umo msikiti wenye maandishi ya Kikufi yaliyochongwa mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Lakini Disemba ni msimu wa wageni, na nyumba za kulala wageni hupanda bei. Familia isiyo na jamaa wa kuwapokea itajikuta inalipa kwa siku mbili fedha ambazo Kilwa zingetosha siku tano. Nyingi katika hoteli za ufukweni huuza pombe na wageni wake huvaa watakavyo. Anayekwenda na binti zake na aulize mapema, achague nyumba ya wageni ndani ya mitaa ya wenyeji, ambako adhana husikika na mlo haumtii mtu shaka.

Pemba ni ya mbali zaidi, na mimi sikushauri uifanye safari yako ya kwanza. Hata hivyo magharibi ya Pemba kuna kisiwa kidogo kiitwacho Misali, ambacho kila mzazi anapaswa kukisimulia hata kama hatakifikia. Wavuvi husema kwamba Khidhri (A.S.) alifika huko wakati wa sala umeingia, akaomba msala wa kusalia. Hapakuwa na msala. Akasema kisiwa chenyewe, ambacho ncha yake inaelekea kibla, kiwe ndio msala wake. Simulizi ni simulizi, hatuifanyi kuwa aya wala hadithi sahihi. Kilicho muhimu ni kilichofuata: Misali ilipowekwa chini ya hifadhi mwaka 1998, wavuvi wa Pemba walifundishwa kutunza matumbawe na kasa kwa kukumbushwa kwamba mwanadamu ni khalifa juu ya ardhi na atahesabiwa. Pwani yetu ya Mtwara, iliyoumizwa miaka mingi na uvuvi wa baruti, ina la kujifunza kutoka kwenye msala huo.

Ng'ambo ya Ruvuma

Limebaki ombi la bibi. Kusini mwa Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, kuna visiwa vya Kirimba, na miongoni mwake kisiwa cha Ibo, chenye mji wa kale na ngome iliyomalizika mwaka 1791. Watu wa huko wanasema Kimwani, lugha ambayo Mswahili akiisikia huhisi kama anamsikia binamu yake akizungumza chumba cha pili. Ukoo umepita juu ya mto ule tangu kabla ya mpaka.

Lakini tangu Oktoba 2017, mapigano yalipoanza Mocímboa da Praia, jimbo lile halijatulia. Mwezi Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto, kilivamiwa. Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa na maelfu wakakimbia kwa miguu na kwa mashua. Waliofanya hayo walijinasibisha na dini hii, na wengi wa waliowaua na kuwafukuza walikuwa Waislamu wenzao. Si mahali pa kumpeleka mtoto kwa likizo. Bibi aambiwe kwa upole, na atafutiwe njia nyingine ya kuunga udugu: simu, barua kwa mkono wa mtu mwaminifu, na fungu dogo la fedha ile ya safari kwa dada yake, ambaye huenda ameshalala nje zaidi ya usiku mmoja. Huenda fungu hilo likawa ndilo lenye thawabu nyingi kuliko yote.

Bahari haina mwenyewe

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imebeba watu kupita mno uwezo wake. Tarehe 18 Julai 2012, siku chache kabla ya Ramadhani, MV Skagit ikazama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Mamia ya familia zilipata msiba ambao haujapoa. Wengi waliopanda waliona kwamba chombo kimejaa, wakasema Mungu yupo.

Mungu yupo, nasi tunamtegemea. Lakini Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mtu aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kamba kwamba amfunge kwanza, ndipo ategemee. Kamba ya ngamia wetu ni hii: chombo kikijaa, shuka, hata kama nauli imeshalipwa. Kila mtoto awe na jaketi la kuokolea maisha linalomtosha, na alivae kabla nanga haijang'olewa. Asubuhi ni bora kuliko alasiri. Nahodha akisema leo hapana, usimbembeleze wala usimwongezee fedha. Kusi kinapovuma, katikati ya mwaka, bahari huwa kali zaidi. Matlai ya Oktoba na Novemba ndiyo yenye utulivu. Disemba kaskazi huanza kushika na mvua za kusini huwa zimekaribia, kwa hiyo weka siku moja ya akiba mkononi, ili usilazimike kuvuka kwa sababu tu likizo imekwisha.

Sala safarini

Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa mwambao, safari yenye urefu wa zaidi ya kilomita 80 hivi inamruhusu msafiri kupunguza sala za rakaa nne kuwa mbili, na kujumuisha Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Anayekwenda Kilwa, Mafia au Unguja anaingia humo. Anayekwenda Msimbati na kurudi haingii. Akinuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, husali kamili tangu anapofika.

Na kuhusu kibla, pwani yetu imepewa wepesi wa ajabu. Mtwara, Kilwa na Makka ziko karibu juu ya mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Ndiyo maana mihrabu ya Msikiti Mkuu wa Kilwa inatazama kaskazini. Mfundishe mwanao kuitafuta kaskazini kwa jua na nyota. Amejifunza jiografia na ibada kwa pamoja. Mkifika misikiti ya kale na makaburi, sauti zishuke, miguu isipande kuta, na kalamu isiandike majina juu ya chokaa ya miaka 700. Wenyeji wa visiwa ni watu wenye staha. Wavulie viatu mnapokaribishwa, na msiende mikono mitupu. Kilo moja ya korosho zilizobanguliwa vizuri, kutoka Naliendele, ni zawadi ambayo haikataliwi popote.

Kauli ya mama

Turejee barazani. Baba ametaja madeni, ametenga Januari, ametenga salfa. Unguja imeondoka yenyewe kwa hesabu, binti amenuna kidogo, kisha ameahidiwa kwamba akiba yake itaanza kuwekwa kuanzia msimu ujao. Mafia imesogezwa hadi mvulana atakapokuwa na umri wa kubeba mizigo ya wenzake. Fungu la dada wa bibi limekwishafungwa kwenye kitambaa. Zimebaki Msimbati na Kilwa.

Hapo ndipo mama, aliyekuwa kimya tangu Isha, aliposema kwamba iwe Kilwa, kwa sharti moja: chakula kinunuliwe kwa wanawake wa kisiwani, wanaojua kupika samaki kuliko yeye, ili fedha ibaki mikononi mwa wenyeji na yeye apate kukaa chini ya kuba zile hadi moyo wake utosheke. Bibi akaunga mkono. Alisema kwamba kama Sultani alivua nguo zake mlangoni pale, basi na yeye anataka kukaa mlangoni hapo hapo, aone kama ukarimu bado unapita.

Ndugu msomaji, huenda nyumba yako itafikia jawabu tofauti, na si kosa. Aliye na deni, kisiwa chake mwaka huu ni kulilipa, na jioni moja Msimbati pamoja na wanawe inamtosha. Aliyejaaliwa zaidi na aende mbali zaidi, na achukue yatima mmoja wa jirani. Kinachotakiwa ni kwamba tunaporudi, mkorosho uwe bado wetu, watoto wawe wote, na kila mmoja awe ameona kitu kinachomfanya aitazame upya nchi aliyozaliwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awasahilishie wasafiri wa likizo hii njia zao za nchi kavu na za majini, awarejeshe salama, na awape utulivu jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Wabillahi tawfiq.